Tarumbeta Iliyopangiwa Nje

Jumamosi, 4 Oktoba

Mvua ya kwanza ya msimu imetukuta mazoezini. Ilianza alasiri kama ilivyo kawaida ya mvua za Johannesburg: jua kali, kisha ghafla weusi upande wa kusini, radi, na maji. Paa la ukumbi wa kanisa hapa Rosettenville ni la bati, hatukuweza kusikilizana. Tuliweka ala chini tukangoja. Ezéchiel alilikumbatia tuba lake kubwa la shaba kama mtu aliyebeba mgonjwa.

Kelele zilipopungua, Alexis, mwalimu wetu, aligawa noti. Niliitambua karatasi kabla haijanifikia. Ni ule muziki wa Mmarekani.

"Tumealikwa mjini, tarehe sita ya mwezi wa kumi na mbili," alisema. "Wanataka muziki wa Amerika wa karne iliyopita, wa vyombo vya shaba peke yake. Iko nguvu, ni ngumu sana, lakini tutaweza."

Hatujaugusa muziki huu tangu Barnabas apotee. Barnabas ni mume wangu. Alitoka kwenda kazini Januari ya mwaka jana, alasiri ya mvua kama ya leo, hakurudi. Hata sasa sijui niandike ni mume wangu au alikuwa.

Ni muziki wa watu kumi. Tisa wanakaa mbele ya wasikilizaji. Wa kumi ni tarumbeta ya nne, na juu ya noti zake pameandikwa apige akiwa nje, asionekane. Sisi tunauliza, yeye anajibu kutoka mbali. Alexis alipewa noti hizo na mmisionari Mmarekani kule kwao Likasi, ambaye alimwambia kwamba mtunzi alikuwa askari katika Vita Kuu ya Pili, akarudi kwao akawa mwalimu wa bendi ya shule, na ile sauti ya nje aliiweka kwa ajili ya wenzake walioachwa huko.

Barnabas ndiye aliyekuwa akipiga nje. Alisimama uani, chini ya dirisha la jikoni.

Leo tulipofika mahali pake Alexis hakutusimamisha. Aliendelea kupiga mkono hewani, sisi kimya, kana kwamba jibu linakuja. Wote tuliangalia mlango.

Jumatano, 8 Oktoba

Mvua ya mawe. Nimeuza mapazia Fordsburg kutwa. Binti yetu Suzan kapata alama nzuri za hesabu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mahali palepale, kimya kilekile. Nilikuwa nimeshikilia tromboni magotini, nikasikia. Barnabas alikuwa na mtindo wa kuchelewa kidogo sana kuanza, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema neno zito. Nilisikia kule kuchelewa. Kisha nikasikia sauti ya tarumbeta yake.

Ezéchiel aligeuka. "Eish. Mmesikia?"

Brigitte, mke wa Alexis, anayetupikia chai, alitoka jikoni mikono inachuruzika maji, akatuangalia mmoja mmoja, akarudi ndani.

Jumapili, 12 Oktoba

Niandike hili maana sijawahi kuliandika.

Barnabas aliniambia amepata kazi ya ulinzi kwenye ghala moja upande wa mashariki wa mji. Alipopotea nilikwenda hadi getini. Msimamizi alitafuta jina lake, akatafuta tena, akaniambia kwa upole, "Mama, huyo mtu hatumjui. Hajawahi kufanya kazi hapa." Nilikwenda hospitali, polisi, vyumba vya maiti. Hakuna mahali palipokuwa na jina hilo.

Basi tangu siku ile nimeishi na wanaume wawili. Mmoja amekufa mahali nisipopajua. Mwingine yu hai, alinidanganya kuhusu kazi, na jioni anavua viatu kwenye nyumba ya mwanamke mwingine. Wa pili ndiye anayenikondesha.

Wiki ile Brigitte alikuja kila siku na sombe na bugari, kisamvu na ugali wa kwao. Alilia kuliko mimi. Nilimpenda kwa ajili ya machozi yale.

Jumamosi, 18 Oktoba

Alexis kaleta mtu wa kupiga tarumbeta ya nne. Anaitwa Gaëlle, ametoka Goma, anasuka nywele pale karibu na robot, zile taa za magari za barabara kubwa. Kucha ndefu za rangi ya machungwa. Alijifunza kwenye bendi ya kanisa lao.

Alinisalimia vizuri, "Shikamoo mama," nikaitikia kwa midomo tu. Alikaa kwenye kiti cha mwisho. Kwa sasa atapigia ndani, mvua zikipungua atatoka nje.

Sikutaka apige kabisa. Kile kimya kilikuwa changu.

Jumamosi, 25 Oktoba

Gaëlle amechelewa kidogo sana kuanza. Amevuta pumzi katikati ya sentensi ya muziki, mahali ambapo mtu mwingine hawezi kuvuta, mahali ambapo Barnabas alikuwa akivuta kwa sababu ya pafu lake la kushoto lililougua utotoni.

Nilikosa noti zangu zote zilizofuata. Alexis aliniangalia, kisha akaangalia chini.

Jumatatu, 27 Oktoba

Silali vizuri. Nimepita saluni ya Gaëlle mara mbili nikijifanya naangalia rasta. Alikuwa amesimama nyuma ya mteja, anacheka. Nilitafuta shingoni, vidoleni, ukutani, nisijue natafuta nini. Koti la mwanaume?

Jumamosi, 1 Novemba

Waliotualika wameomba majina yetu wayachapishe kwenye karatasi ya tamasha. Kila mtu aliandika lake. Alexis alisema la kwake liachwe. "Waandike jina la bendi, inatosha." Ezéchiel akamtania, "Mwalimu, mbona unajificha kama mtu mwenye deni?" Alexis hakucheka.

Mimi naona ni unyenyekevu. Siku zote nimemwona mtu wa Mungu.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimefanya aibu.

Baada ya mazoezi nilimfuata Gaëlle hadi mlangoni, nikamshika mkono. Nikamuuliza mbele ya wote, "Mume wangu ulimjua wapi?"

"Mama?"

"Unapumua kama yeye! Unaanza kama yeye! Nani alikufundisha?"

Hakukasirika, na hilo lilinitia hasira zaidi. Alifungua mkoba wake akatoa karatasi ya tarumbeta ya nne. "Mama, mimi sikumujua. Angalia. Aliandika mwenyewe."

Palikuwa na alama ndogo za penseli juu ya noti. Kila mahali pa kuvuta pumzi Barnabas aliweka mkwaju mdogo. Pale mwanzoni aliandika kwa mwandiko wake wa kulalia kushoto: *subiri kidogo*.

"Niliona mtu ametengeneza njia," Gaëlle alisema, "nikafuata njia yake. Kama ni vibaya nitazifuta hizi alama."

Nilimwambia asifute. Nilimwomba msamaha pale pale, naye akanifuta uso kwa leso yake yenye harufu ya mafuta ya nywele. Ni mtu mwema. Wiki tatu nzima nilimfanya mwizi.

Alhamisi, 13 Novemba

Radi imepiga mti karibu na spaza, kiduka cha jirani. Umeme hakuna.

Jumamosi, 15 Novemba

Mazoezi yameahirishwa, maji yameingia ukumbini. Gaëlle kaja nyumbani kumsuka Suzan. Wamecheka sebuleni kutwa nzima. Nyumba hii ilikuwa imesahau kicheko.

Jumamosi, 22 Novemba

Lazima niandike leo, nisije kesho nikajiambia nimeota.

Mvua ilikuwa imesimama, uani pakavu. Alexis akasema, "Gaëlle, leo toka nje." Akatoka. Alexis alikuwa amekunja uso, nadhani hakupenda, ila tamasha limekaribia, hakuwa na namna.

Tulianza. Muziki huu unaanza chini, tuba na tromboni, sauti zilizoachana mbalimbali kama nyumba kwenye uwanda mpana. Tunapanda polepole hadi tunafika mahali tunauliza swali na kunyamaza. Nje, chini ya dirisha la jikoni, tarumbeta ikajibu.

Sufuria ilianguka jikoni. Kisha Brigitte akapiga ukelele.

Mimi nakaa karibu na mlango wa jikoni, nilifika wa kwanza. Alikuwa amekaa sakafuni kwenye maji ya chai, mgongo ukutani, ameziba masikio. Alikuwa anasema maneno yale yale: "Nilimufunga macho. Nilimufunga macho mimi mwenyewe. Sasa anataka nini?"

"Nani, Brigitte? Ulimfunga nani macho?"

Aliponiona ni mimi alificha uso magotini. Nilijua. Kabla hajasema lolote, nilijua.

Alexis aliwaambia wengine waende nyumbani. Ezéchiel hakutaka, nikamwambia aende. Gaëlle nilimwomba abaki. Tulikaa wanne kwenye viti vya mazoezi, na Alexis akasema, akiangalia mikono yake.

Karatasi za Barnabas za kuishi na kufanya kazi hapa zilikuwa zimekwisha muda, na pale ghalani hawakuajiri mtu asiye na karatasi. Za Alexis zilikuwa nzima, na yeye ni fundi cherehani, ana duka lake, haulizwi na mtu. Basi alimpa. Barnabas aliingia kazini kwa jina la Alexis Mutonkole. Pale getini kila mtu alimwita Alexis. Aliogopa kuniambia, alijua ningemkataza.

"Siku ile," Alexis alisema, "kulikuwa mvua. Alikuwa anavuka uwanja kwenda kufunga geti la nyuma. Radi ikamupiga. Hakuteseka, Mama Suzan. Walisema hakuteseka."

"Walikuambia wewe? Mimi waliniambia hawamjui!"

Brigitte ndiye aliyejibu. "Walipiga simu kwangu. Kwenye karatasi, mimi ni mke. Tulikuwa mezani, tunakula. Mtu wa kazini akaniambia, mama pole, mume wako Alexis amekufa. Na Alexis alikuwa mbele yangu na kijiko mkononi. Nikamwangalia. Nikasema kwenye simu, asante, nakuja."

Alikwenda. Aliona ni nani. Alimfumba macho, akasema ndiyo, huyu ni mume wangu, akatia sahihi. Angesema hapana, wangeuliza huyu ni nani, na karatasi hizi amezipata wapi, na yule Alexis mwingine yuko wapi. Wana watoto watatu. Walidhani ni uongo wa siku moja, halafu watanieleza. Siku ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Ya kumi haikuwezekana.

"Umenipikia," nilimwambia. "Umeleta sombe mlangoni kwangu ukanitazama nikila. Nikakuuliza, Brigitte, unadhani ana mwanamke? Unakumbuka ulinijibu nini?"

Alikumbuka. Alinijibu, tuombe tu.

Nikasimama nimpige. Mkono ulikuwa juu kabisa. Gaëlle hakunishika, alisimama tu karibu nami, nikasikia anavyopumua. Nilishusha mkono nikaenda nyumbani kwa miguu.

Jumapili, 23 Novemba

Nimemwambia Suzan. Hakulia. Aliuliza, "So hakutuacha?" Nikasema hakutuacha. Akarudia, "Hakutuacha." Ndipo akalia, nami nikalia naye, na ndani ya kilio kile palikuwa na kitu kinachofanana na furaha. Naona haya kukiandika, lakini kilikuwepo. Yule mwanaume wa pili, anayevua viatu kwa mwanamke mwingine, amekufa jana. Huyo sitamlilia.

Jumatano, 26 Novemba

Alexis katupeleka makaburini. Mawingu yalikuwa chini, hewa nzito.

Ni makaburi makubwa, safu kwa safu hadi yanapoishia macho, mengi hayana jiwe. La Barnabas lina kibao cha bati: ALEXIS MUTONKOLE. Tarehe ni ileile aliyopotea. Nyasi zilikuwa zimekatwa vizuri na palikuwa na maua ya plastiki, mekundu, yameanza kupauka. Brigitte huja kila mwezi. Mke kwenye karatasi ametunza kaburi, mke wa kweli ametunza mlango.

Nilimwona Alexis amesimama anasoma jina lake. Uso wake ulikuwa wa mtu mzee.

"Nani alisali?" Suzan alimuuliza.

"Mchungaji wa watu wa kazini."

"Wewe ulikuwa wapi?"

Alinyoosha mkono kwenye miti, mbali, karibu na ukuta. "Pale. Sikuweza kusogea. Watu wa kazi walikuwa hapa, wanalia Alexis, Alexis. Nilikuwa nimekufa, mwanangu. Nilisikia wimbo tu, maneno sikusikia."

Tangu hapo, anasema, hajaenda kuongeza muda wa karatasi zake. Benki imefunga akaunti. Mtoto wake alipougua, yeye mwenyewe alibaki nje ya geti la hospitali. Na kila Jumamosi, akitusimamia, anapofika pale pa tarumbeta ya nje anahisi mtu anasimama nyuma yake na kumwomba amrudishie jina lake. Ndiyo maana aliuleta tena muziki ule, anasema. Alichoka kusubiri kukamatwa.

Sikumhurumia. Nilipiga magoti nikaweka kiganja juu ya udongo. Nikamwita Barnabas kwa sauti, kwa jina lake, maana kwa muda wote huu hakuna aliyemwita hapo kwa jina lake. Suzan akaita, "Baba." Mvua ikaanza, matone makubwa, tukakaa nayo.

Tulipoinuka Alexis alisema, "Chagua unachotaka nifanye. Nitafanya."

Ijumaa, 28 Novemba

Mwanasheria wa bure pale mjini, dada mpole. Nimemweleza bila majina. Anasema bila yule aliye hai kusimama mwenyewe na kusema "mimi si marehemu," hakuna atakayeniamini, nitabaki mke wa mtu aliyepotea maisha yangu yote. Na akisimama, anaweza kushtakiwa, yeye na mkewe pia.

Kwa hiyo hawezi kufufuka bila mimi, nami siwezi kuzika bila yeye. Nimekwama na watu hawa.

Jumamosi, 29 Novemba

Sikwenda mazoezini. Radi kutwa.

Jumanne, 2 Desemba

Alexis na Brigitte wamekuja, wamesimama nje ya mlango kama wageni. Sikuwakaribisha ndani. Brigitte amekonda. Alexis akasema tamasha tumwachie Ezéchiel asimamie, yeye hastahili.

Nikamwambia, "Utasimama mbele. Jina lako litasomwa. Jumatatu tunakwenda ofisi ya Mambo ya Ndani."

"Ndiyo, Mama Suzan."

"Na watoto wenu, mkizuiliwa, watalala hapa."

Sikuwa nimepanga kusema hilo. Brigitte akainama akashika ukingo wa mlango. Nikafunga.

Sijawasamehe. Nimewapa kitanda cha watoto wao. Ni vitu viwili.

Jumamosi, 6 Desemba

Tamasha limepita.

Ukumbi ulikuwa umejaa nusu, watu waliovaa vizuri, na mistari miwili ya nyuma watu wetu wa Rosettenville na vitenge vyao. Mtangazaji alisoma majina. Aliposoma "Alexis Mutonkole" niliona makwapa ya shati lake yamelowa. Alisimama akainama. Watu wakapiga makofi. Brigitte, mstari wa nyuma, aliangalia kushoto na kulia kama mtu anayesubiri mlango uvunjwe. Haukuvunjwa.

Gaëlle alikuwa kwenye ushoroba, nje ya milango ya pembeni, iliyoachwa wazi kidogo.

Tukaanza. Nje ngurumo zilikuwa zinatembea mbali, upande wa Soweto. Sijawahi kuwasikia wenzangu vile. Ezéchiel alikuwa na sauti ya chini kama ardhi inayosogea. Tulipanda, tulipanda, tukauliza, tukanyamaza. Alexis akabaki mkono juu. Nilijiandaa kumsikia mume wangu. Nilikaza mikono kwenye tromboni.

Tarumbeta ikajibu, na alikuwa Gaëlle. Gaëlle tu, mwanamke wa Goma, msusi, mwenye pumzi nzuri, aliyevuta hewa pale Barnabas alipovuta kwa sababu aliona ni mahali pazuri pa kuvuta. Nilimtafuta Barnabas ndani ya sauti ile sikumkuta. Hakuwepo uani wala mlangoni. Alikuwa chini ya udongo, upande wa kusini wa mji, mahali ninapopajua, na mvua ilikuwa inamnyeshea.

Alexis alikuwa analia waziwazi, mkono unaendelea. Niliinua tromboni nikaingia kwa wakati wangu.

Jumatatu, 8 Desemba

Tulifika ofisi ya Mambo ya Ndani asubuhi na mapema, foleni tayari imezunguka kona. Alexis, Brigitte, mimi, Suzan. Watoto wao tumewaacha kwa Gaëlle. Alexis alivaa suti aliyojishonea mwenyewe. Ilimpwaya.

Tulipoitwa dirishani ilikuwa karibu mchana. Ofisa alikuwa mtu wa makamo, amechoka. Alexis alisema jina lake na kutoa karatasi zake za zamani. Ofisa akagonga mashine, akasoma, akainua macho, akasoma tena.

"Huyu amekufa," alisema kwa Kiingereza.

"Ni mimi," Alexis akasema. "Sikufa."

"Na wewe ni nani?" ofisa aliniuliza.

Nilitaka kujibu. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi neno lenyewe njiani, mjane, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na sasa halikutoka katika lugha yoyote. Watu wa nyuma yetu wakaanza kunung'unika.

Suzan akapita kati yangu na Alexis, akaweka viwiko vyake kwenye ubao wa dirisha, akaanza kusema kwa Kizulu. Alisema polepole, bila kulia, kama mtu mzima anayemweleza mtu mzima mwenzake. Alimwonyesha Alexis, akamwonyesha Brigitte, akanigusa bega. Mengi hayakunifikia. Ofisa aliacha kugonga mashine. Alivuta kiti chake mbele, akachukua kalamu, akauliza neno moja.

Suzan akamjibu, na hilo nililielewa. Akalitamka jina la baba yake kwa ukamilifu, kama babu yake wa kule nyumbani Machame alivyolitoa: Barnabas Elifuraha Nkya. Ofisa akaomba arudie, herufi kwa herufi. Akarudia, na yule mtu akaandika.